Mwalimu Aliyekwenda Bruges na Begi Mgongoni

Mwalimu wetu wa Jiografia aliogopa maji. Kwa mtu anayeishi Dodoma hilo si neno, lakini yeye aliishi Mafia, na aliishi zaidi ya miaka thelathini, akitufundisha mikondo ya bahari, kupwa na kujaa, na namna visiwa vinavyozaliwa, huku bahari yenyewe ikionekana dirishani nyuma yake. Hakugeuka kuitazama hata siku moja. Alipotaka kutuonyesha, alirusha mkono nyuma ya bega, kama mtu anayemtaja jirani ambaye hawaamkiani.

Sababu tuliijua wote. Alipopangiwa kazi kisiwani alivuka kwa mashua, siku yenye mawimbi, akatapika njia nzima, na mwisho akatapikia viatu vya bwana mmoja aliyevaa suti. Kesho yake asubuhi alipokwenda kuripoti shuleni, akamkuta yule bwana amekaa nyuma ya meza. Ndiye aliyekuwa mkuu wa shule.

"Karibu tena," mkuu akamwambia, akavuta miguu chini ya kiti.

Kisa hiki alikisimulia mwenyewe, kila mwaka, kwa kila kidato cha kwanza, na kila mwaka alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Ndivyo alivyokuwa mama yule. Aibu zake alizigawa kama watu wanavyogawa tende wakati wa kufuturu.

Mimi nilisoma kwake miaka mitatu. Baadaye nikaolewa, nikaachika, nikafungua kibanda changu cha cherehani Miburani, hapohapo kisiwani, na kumbe nyumba aliyopanga Mwalimu ilikuwa upande wa pili wa ua. Kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili: nikiwa kwenye dawati, na nikiwa naanika nguo. Nikikohoa usiku, asubuhi ananiuliza nimekunywa nini. Akiunguza maharage, mimi ndiye wa kwanza kujua, na aliyaunguza mara nyingi, maana alikuwa akiweka chungu jikoni halafu anakaa kuchora.

Alichora kila kitu. Ukimwambia shangazi yako amehamia Baleni, anataka umwonyeshe kwa kijiti mchangani nyumba iko upande gani wa barabara. "Zuhura," alikuwa akiniambia, "usiniambie umefika mahali kama huwezi kunichorea." Mara mbili alichukua chaki yangu ya kukatia nguo akachora kwenye kitambaa cha mteja. Mara ya pili ilikuwa gauni la harusi, bahati nzuri upande wa ndani. Bibi harusi aliolewa amebeba Mto Rufiji na matawi yake yote kiunoni, na hajui mpaka leo.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na mashimo. Alikataza umbea darasani na uani, kisha jioni anasogea kwenye ua na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Enhe, na yule wa pale dukani ikawaje?" Yeye Mkristo kutoka bara, sisi wengi Waislamu, mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu hata tonge, alijificha nyuma ya kabati la ramani. Tulimsikia akitafuna karanga. Akitoka huko na kuendelea na somo la mvua, mtu mmoja wa mbele alikuwa akisema, "Mwalimu, kidevuni," naye anajipangusa bila kukatisha sentensi.

Somo lake kubwa lilikuwa Ras Kisimani. Kila darasa alilipeleka huko, nyuma ya lori la nazi, tukasimama kwenye mchanga na vigae vya kale. Yeye alisimama mbali na maji, ameshika mwavuli.

"Hapa palikuwa na mji," alisema. "Nyumba za mawe, misikiti, watu wanauza na kununua. Bahari ikaja, ikaula."

Halafu anatoa kwenye begi picha ya nyeusi na nyeupe aliyoikata kwenye kitabu chake cha zamani. Mji wenye mifereji ya maji katikati ya nyumba, madaraja mafupi ya mawe, na mnara mrefu.

"Na huu unaitwa Bruges, uko Ubelgiji. Huu nao ulikuwa mji wa meli, kama huu wetu. Lakini wao hawakuliwa. Bahari iliwakimbia. Mkono wa bahari ulijaa mchanga, meli zikashindwa kuingia, mji ukabaki na mifereji yake tu."

Mwaka wetu, mwenzangu mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, ipi afadhali? Kuliwa au kukimbiwa?"

Mwalimu aliirudisha picha kwenye begi. Akasema, "Sijui. Sijafika."

Hakuna aliyetarajia kwamba angefika. Alistaafu, wakammwagia khanga na ndoo na saa ya ukutani, na akaendelea kukaa palepale Miburani, akifundisha watoto wa mtaa bure. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa kwao Njombe, wanamjengea nyumba, wanampigia simu kila Jumapili kumuuliza anarudi lini. Alikuwa akisema, "Nikimaliza mihogo hii." Mihogo haikuisha.

Ndipo mtoto wa dada yake, nesi anayefanya kazi Ubelgiji, akajifungua mapacha, na familia ikaamua kwamba Mwalimu ndiye wa kwenda kumsaidia, kwa kuwa alikuwa na nafasi na alikuwa na Kiingereza. Visa ilichukua miezi. Ilipotoka, nilimshonea koti la kitambaa kizito mara mbili, likamfanya aonekane kama godoro lililosimama. Akapanda kindege cha Kilindoni akitupungia mikono yote miwili.

Yaliyotokea huko nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasimulia nikiwa nashona.

Wiki tatu alikaa ndani ya ghorofa akibeba mapacha kwa zamu, mvua inanyesha. Siku moja akaona ramani ya reli ukutani kwenye stesheni, akaliona jina la Bruges. Si mbali. Akarudi nyumbani akatangaza kwamba anakwenda.

"Subiri wikiendi, mama mdogo, tutakupeleka," mpwa wake akasema.

"Kupelekwa hapana. Nimepelekwa Mafia, nimepelekwa huku. Hapa nakwenda."

"Peke yako? Na miguu hiyo?"

"Miguu hii ndiyo niliyonayo."

Akachukua begi la mgongoni la mume wa mpwa wake, la kupandia milima, lenye kamba nyingi kuliko alizozielewa. Akatia mayai sita ya kuchemsha, mkate, khanga mbili, Biblia, daftari na penseli. Siku mbili, usiku mmoja. Kwenye treni alikaa na begi mgongoni mpaka mwisho wa safari, kwa sababu alishindwa kufungua kamba ya kifuani.

Mahali alipolala palikuwa nyumba ya wageni ya vijana, chumba kimoja chenye vitanda sita vya dabodeka. Yeye akapewa cha juu. Alisimama pale chini akiitazama ile ngazi, na binti mmoja mwenye kipini puani, aliyekuwa amelala kitanda cha chini, akainuka bila kuulizwa, akahamisha vitu vyake juu.

"Unasafiri peke yako, mama?" binti akamuuliza kwa Kiingereza.

"Hapana," Mwalimu akamjibu. "Niko na nyinyi."

Asubuhi aliamka saa kumi na moja kama alivyozoea, akatandika, akatafuta ufagio, akafagia chumba. Vijana walipoamka wakamkuta amekaa na mayai. Akawafundisha kuamkia. Mpaka wanaachana siku hiyo, watu wa nchi tano walikuwa wakimwambia "shikamoo", wengine wakivuta ile "moo" kama ng'ombe, naye akiitikia "marahaba" kwa kila mmoja, kwa zamu, bila kuruka mtu.

Chipsi za kule alizila na mayonezi akasikitika kwamba hakuna ndimu. Farasi wanaovuta watalii aliwahurumia. Mabata maji aliyaona makubwa, meupe na yenye dharau. Lakini jambo lililonifanya niache sindano hewani, mara ya kwanza aliponisimulia, ni kwamba alipanda boti.

"Wewe?"

"Mimi. Nilisimama kwenye foleni nikiwaza kwamba nitatoka. Foleni ikasogea. Watu nyuma, watu mbele, ningetoka vipi?"

Alikaa katikati, akajifunika khanga kichwani, akafumba macho. Boti ikaondoka. Nahodha alikuwa akitangaza kwa lugha nne, na katika zote nne Mwalimu hakusikia kitu ila moyo wake. Halafu nahodha akapiga kelele watu wainamishe vichwa, kuna daraja. Akafumbua macho ili ajue ainame kiasi gani, na hakuyafumba tena.

"Zuhura, yale maji hayana chumvi, hayana wimbi, hayana haraka. Nikasema, nikifa humu nitakuwa nimefia kwenye bakuli la supu. Nikacheka peke yangu. Mama mmoja wa Kizungu akacheka na yeye, hajui tunacheka nini."

Ilipofika mwisho alishuka, akazunguka, akasimama kwenye foleni tena.

Alipanda na mnara. Ngazi zake ni mia tatu na kitu, nyembamba, za kuzunguka kama konokono. Alipumzika mara nne. Vijana walimpita wakipanda, wakamkuta tena wakishuka. Nilimuuliza kwa nini alijitesa hivyo na magoti yale, wakati mji ameshauona kwa chini. Mara nyingi kwenye kipande hiki aliruka, akaendelea na habari ya farasi. Siku moja tu alinijibu, tukiwa tunachambua mchele, wawili peke yetu.

"Nilipanda kuitafuta bahari," alisema. "Nilitaka nione ilikimbilia wapi. Nikaiona, Zuhura. Mbali kule, kwenye ukungu, kimstari chembamba cha rangi ya sufuria. Basi." Akapuliza pumba. "Nikaikumbuka ya kwetu. Hii niliyoitapikia. Miaka yote nimeipa mgongo, na siku ile nimesimama juu ya mnara wa watu naililia. Nililia kidogo. Halafu nikala yai."

Mimi aliniletea zawadi. Chini ya mnara, kwenye kiduka, alimkuta bibi mmoja akitengeneza lesi kwa mkono, amekaa na mto mapajani, nyuzi zimefungwa kwenye vijiti vingi, anavirusha kulia na kushoto. Mwalimu alimtazama mpaka akaletewa kiti. Kipande alichoninunulia kina upana wa kiganja. Nilikigeuza upande wa nyuma kwanza, kama mafundi wote tunavyofanya, nikatafuta fundo. Sikuliona.

"Matajiri wa mji ule waliondoka bahari ilipoondoka," aliniambia. "Mafundi walibaki. Hata huyu bibi, nilimuuliza. Akasema mama yake alishona, na mama wa mama yake."

Kipande kile nimekitia kwenye fremu, kiko ukutani juu ya cherehani. Wateja wakiuliza bei nawaambia hakiuzwi.

Aliporudi, kisiwa kizima kilitaka kusikia. Alialikwa shuleni, alialikwa kwenye kikundi cha akina mama, hata wazee wa baraza la kahawa walimwita, wakamwekea kiti. Na kwa kuwa sasa alijiona mtu wa boti, sikukuu iliyofuata alikubali kwenda na familia yangu kisiwa kidogo cha Shungimbili. Tulimkanya. Alisema sisi hatukumwona kule Bruges.

Alitapika kwenda. Akakaa kwenye mchanga mweupe wa Shungimbili chini ya mwavuli, kijani usoni, akila embe mbichi na chumvi, akatutazama tukiogelea. Alitapika kurudi. Tulipomshusha ufukweni Kilindoni alishika mabega yangu akasema, "Bahari ya kwetu si bakuli la supu." Lakini tangu siku hiyo, jioni, alihamisha kiti chake. Zamani kilitazama barabara. Sasa alikigeuza kuelekea ule uwazi kati ya minazi ambapo maji yanaonekana, akakaa anachora.

Nilidhani hatatoka tena. Lakini mwaka juzi mwanawe mkubwa alikuja mwenyewe, si kwa simu, akakaa siku tatu, na siku ya nne nikamwona Mwalimu anagawa mihogo. Hakunieleza mengi. Alinipa kiti chake, akasema, "Wajukuu wanakua hawanijui." Tukakumbatiana juu ya ua kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuzunguka hadi mlangoni, watu wasituone na macho mekundu.

Alinipigia kila Ijumaa, baada ya swala, akihesabu kwamba wakati huo nina nafasi. Kisha Ijumaa mbili zikapita kimya. Ya tatu akapiga mkwewe, mke wa mwanawe.

"Mama alianguka bafuni, dada. Nyonga. Alifanyiwa operesheni, ikaenda vizuri. Daktari anasema atembee kila siku, wamempa na kigari cha kushikilia. Hataki. Anakaa tu dirishani. Hachori. Nimeona nikuambie, maana wewe anakutaja."

"Nipe nizungumze naye."

Nikasikia simu inapelekwa, kisha sauti yake, ndogo. "Zuhura. Nimefika mwisho wa ramani, mwanangu. Usihangaike."

Nataka niseme ukweli kuhusu mimi. Nina miaka arobaini na mitatu, na nilikuwa sijawahi kuvuka Dar es Salaam. Na Dar yenyewe nilikwenda mara nne, zote nimeshikwa mkono na kaka yangu. Naogopa stendi, naogopa wapiga debe, naogopa kuteremshwa pasipo pangu. Nilipomwambia kaka kwamba nakwenda Njombe, alisema nisubiri likizo yake, mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita atakuwa ameshaganda kwenye kiti," nikamwambia. "Nimeshakata tiketi."

Nilikuwa sijakata. Nilikwenda kukata baada ya kusema hivyo, ili nisiwe muongo.

Nilivuka kwa kivuko hadi Nyamisati, nikafika Dar, nikalala kwa binamu, na alfajiri nikapanda basi la kwenda juu. Mikumi niliona twiga wamesimama kando ya lami kama wanangoja basi. Kwenye kona za mlima wa Kitonga nilishika kiti cha mbele na kusoma dua zote ninazozijua, na za kula na za kulala. Makambako nililala gesti, mlango nimeuwekea meza. Asubuhi nikapanda kigari kidogo cha Njombe, baridi inaingia mpaka kwenye meno, nje misonobari na ukungu. Kijana wa stendi aliponielekeza nyumba ya Mwalimu, nilisema nimeelewa, na sikuwa nimeelewa. Nikafika kwenye kitalu cha miparachichi ambapo njia inagawanyika tatu. Nikachagua.

Saa nzima baadaye nikagonga mlango. Mkwewe alifungua, mwiko mkononi, akapiga vigelegele vifupi. Mwalimu alikuwa dirishani, ana shali mabegani, amekonda. Kigari cha kutembelea kilikuwa ukutani, kimeanikiwa soksi za watoto.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aligeuka kutoka dirishani. "Marahaba. Nani amekuleta?"

"Hakuna."

"Kaka yako yuko nje?"

"Yuko Mafia."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwambia mkwewe, "Mletee kiti. Akae hapa mbele yangu." Nikakaa. "Simulia," akasema. "Leo mimi ndiye darasa. Anza pale ulipofunga mlango wako."

Nikasimulia. Kivuko, binamu, twiga, dua za kula, meza ya gesti. Kwenye meza alicheka kidogo. Mkwewe akaacha kupika akasimama kusikiliza. Nilipofika kwenye kitalu cha miparachichi, nilitaka kuruka, kwa aibu.

"Ukafanyaje?"

"Nikaingia ya kushoto."

"Kushoto!" Alishika kichwa. "Zuhura! Kushoto unakwenda kwenye mashine ya mbao!"

"Nilifika kwenye mashine ya mbao. Nikapita."

"Ukapita mpaka wapi?"

"Mpaka kwa kinyozi mmoja, ana redio kubwa. Akaniambia nimepotea tangu chini. Alitaka kuniletea chai."

Mwalimu alicheka sasa, kile kicheko chenyewe, mabega yakatikisika, machozi yakashuka. "Tangu nihamie hapa sikujua kama huko kuna kinyozi," akasema. Kisha akatazama nje, kule njia ilikokuwa. Akaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti.

"Toeni hizo soksi."

Mkwewe hakuelewa. Mimi nilielewa, nikazitoa, nikasogeza kigari. Alisimama kwa mara tatu: ya kwanza alirudi chini, ya pili alitukana kwa Kibena cha kwao, ya tatu akasimama. Tukatoka. Hatua kumi, tunapumzika. Hatua kumi na mbili, tunapumzika. Jua lilikuwa limeanza kuutawanya ukungu. Mkwewe alibaki mlangoni na mwiko wake, mdomo wazi, chungu kinachemka nyuma yake.

Tulifika kwenye kitalu. Mwalimu alisimama, jasho juu ya mdomo, akazitazama zile njia tatu moja baada ya nyingine.

"Turudi sasa, Mwalimu. Umetembea sana."

"Huyo kinyozi," akasema, "ni mbali kiasi gani kutoka hapa?"

"Si mbali sana. Lakini ni kilima."

Akageuza kigari, kushoto.

"Basi twende taratibu," akasema. "Alikuahidi chai."